Baada ya Hema Kung'olewa: Mwongozo wa Kutafuta Ushauri Nasaha Kisumu na Kanda ya Magharibi

Jina lenyewe lina hila. Ushauri ni kumwelekeza mtu, nasaha nayo ni maonyo na mawaidha, kwa hiyo anayesikia "ushauri nasaha" kwa mara ya kwanza hutarajia kuketi mbele ya mwenye hekima na kuambiwa la kufanya. Mawaidha hatuna uhaba nayo. Mfiwa wa Kisumu, Siaya au Vihiga hupewa mawaidha na shangazi, na mchungaji au imamu, na mwenyekiti wa chama, na hata dereva wa tuktuk anayeuliza kwa nini macho yamevimba. Anayekosekana ni mtu atakayenyamaza vya kutosha ili nawe useme lile usiloweza kuwaambia hao wote, na huyo ndiye mshauri nasaha anayestahili jina hilo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kumpata, kumpima, kufanya kazi naye na kuagana naye.

Nilijifunza tofauti hiyo kwa gharama. Mama alipofariki, boma letu la Seme lilijaa watu kwa majuma mawili: hema, viti vya plastiki vya kukodi, sufuria za chai, nyimbo hadi alfajiri. Hema liling'olewa Jumatatu, nami Jumatano nikawa kazini mjini. Miezi minne baadaye bado nilikuwa nikiishika simu saa mbili za usiku, saa yake ya kupiga, na nilikuwa nimeanza kuwafokea watoto kwa sababu ya kijiko kuanguka. Mtu wa kwanza niliyemwendea, katika ofisi moja ya ghorofani, aliongea kama dakika 40 kati ya 60 nilizolipia. Alinisimulia alivyofiwa yeye, akaniambia kwamba wakati ni dawa, kisha akanihimiza niwasamehe ndugu zangu kuhusu shamba, ilhali sikuwa nimemtajia ugomvi wowote wa shamba, na wala haukuwapo. Nilipanda tuktuk kurudi nyumbani nikiwa sijasema neno moja lililonipeleka pale: kwamba Jumapili ile mama alipiga simu mara mbili nami sikupokea.

Hatua ya kwanza: ondoa hatari kabla ya mengine yote

Ikiwa unawaza kujiua, au umeanza kupanga namna ya kufanya hivyo, usisubiri miadi ya wiki ijayo. Mwambie mtu mmoja leo, asikuache peke yako, na uende idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya haitozi chochote, nao Befrienders Kenya, wanaoshughulika hasa na watu waliofikia ukingo huo, wanapatikana kwa 0722 178 177. Kwa anayepigwa au kunyanyaswa nyumbani namba ni 1195, na kwa mtoto ni 116. Hizi mbili pia ni za bure. Wapo wanaoficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya kosa la jinai kwa miaka mingi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa hiyo mweleze daktari ukweli wote.

Hatua ya pili: jua unachobeba

Tafuta daftari la kawaida la shule na kwa siku 7 andika kila usiku mambo machache: umelala saa ngapi, umekula nini, umekunywa pombe kiasi gani, na ni jambo gani lililokutoa machozi au kukupandisha hasira siku hiyo. Usiandike insha, mistari mitatu inatosha. Daftari hilo litakufaa mara mbili, kwanza wewe mwenyewe kwa kuuona mwenendo usioonekana mtu anapokuwa ndani yake, na baadaye mshauri, ambaye hatalazimika kutumia kikao kizima kukuchimba. Langu lilinionyesha kwamba hasira zilikuja baada ya saa mbili za usiku tu, jambo ambalo sikuwa nimeliunganisha na simu hata kidogo.

Wengi wamesoma mahali kwamba huzuni hupitia hatua tano, kisha wakajilaumu walipojikuta wamerudi kwenye hasira baada ya kudhani wamekwisha kukubali. Hatua hizo zilielezwa na daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, naye alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Wafiwa walikuja kuvishwa vazi hilo baadaye. Picha ninayoiona karibu zaidi na maisha ya huku ni ile ya watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa Utrecht nchini Uholanzi, walioeleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo amezama katika msiba, kesho ameshughulika na karo na paa linalovuja, keshokutwa amezama tena. Kwenda na kurudi huko ndiko kupona kwenyewe. Kusikia sauti ya marehemu jikoni, au kunusa mafuta aliyokuwa akijipaka, ni jambo la kawaida kwa wafiwa na halimaanishi kwamba akili imeruka. Sauti inayokuamuru ujidhuru ni jambo jingine, nayo inahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Ni lini basi huzuni inahitaji msaada wa kitaalamu? Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, huzuni ya muda mrefu hutambuliwa kuwa maradhi inapodumu angalau miezi 6, ikiwa na ukali unaomzuia mtu kuishi, na ikiwa imepita kiasi kinachotarajiwa na jamii na dini yake. Sharti hilo la mwisho lina uzito huku kwetu, ambako kunyoa nywele, kukaa nyumbani kwa mjane na karamu za ukumbusho zina muda wake uliopangwa. Hata hivyo huhitaji kuwa mgonjwa ndipo umwone mshauri. Huzuni zinazohitaji sikio zaidi mara nyingi ni zile zisizowekewa hema kabisa: mimba iliyoharibika, mvuvi aliyezama ziwani na mwili haukupatikana, mpenzi ambaye familia haikumjua na ambaye mazishi yake ulihudhuria kama mpita njia.

Mwili nao usiusahau. Watu wengi wa huku hupeleka huzuni hospitalini ikiwa imevaa nguo za ugonjwa mwingine: presha, tumbo linalochoma, kichwa kisichopoa. Pima hayo yote, kwa kuwa huenda yapo kweli, lakini daktari akisema vipimo ni safi, usikasirike. Mwambie umefiwa, au nyumba inawaka moto.

Hatua ya tatu: tofautisha wataalamu

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili anayeweza kukuandikia dawa na kukulaza. Mwanasaikolojia amesomea tabia na akili za binadamu na hutibu kwa mazungumzo na mazoezi. Mshauri nasaha amefunzwa kumsaidia mtu aliyezongwa na jambo fulani la maisha, na kwa misiba, ndoa na mabadiliko huyu hutosha mara nyingi. Akiona mzigo umemzidi ni wajibu wake kukupeleka kwa wale wawili. Mchungaji, padri au imamu anaweza kuwa msikilizaji mzuri kupita wote, lakini muulize kama amesomea kazi hii, kwa sababu mafunzo ya dini pekee humwelekeza kuhubiri. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita mtaani hatakupa vikao, ila anajua zahanati gani ina mshauri na ni siku gani.

Hatua ya nne: pa kwenda

Hospitali za umma ndizo mlango wa bei nafuu. Kisumu kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na ambayo sherehe ya kuifungua Oktoba 1969 iliishia kwa risasi na maiti, msiba ambao nadhani mji huu haujapata kuuongea hadi ukaisha. Nakuru kuna hospitali ya rufaa na mafunzo ya kaunti, Kakamega ina hospitali yake kuu, na Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Fika asubuhi, uliza kwenye dawati la mapokezi kliniki ya afya ya akili huwa siku gani, na ueleze kwamba unatafuta mazungumzo, ili usipangwe moja kwa moja kwenye foleni ya dawa. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa iko chini ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani. Uliza kabla ya kuketi ni huduma gani inalipiwa hapo na ni ipi utakayotoa mfukoni. Mwanafunzi wa Maseno au wa Egerton kule Njoro aanzie ofisi ya ushauri ya chuo chake.

Kuna jambo ambalo wageni hawalijui na wenyeji hawalisemi. Neno "ushauri nasaha" liliingia masikioni mwa watu wa Nyanza kupitia vituo vya VCT (ushauri na upimaji wa hiari), miaka ya 2000, pale ushauri ulipokuwa kizingiti cha kupima virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo ukionekana mtaani Kondele, hapa Kisumu, ukitoka kwa mshauri, jirani atafanya hesabu zake. Nimemjua mwalimu mmoja wa Luanda, kule Vihiga, aliyekuwa akisafiri hadi Kisumu kwa matatu kila Jumamosi kwa sababu hiyo tu, nami sioni kosa lolote katika hilo. Kama nauli ipo, chagua mtaa usiokujua. Kama haipo, uliza vikao vya simu, na utafute mahali pa kuongelea ambapo ukuta si wa mabati.

Hatua ya tano: mpime kabla ya kumwamini

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kusajili wanaofanya kazi hii nchini. Omba kuona cheti cha usajili na uulize amesomea wapi, kwa sauti ile ile unayotumia kumuuliza fundi wa stima kama ana kibali. Anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu.

Mpigie simu kabla ya kwenda, na umuulize kikao huchukua muda gani (kwa kawaida ni kati ya dakika 45 na saa nzima), ada ni kiasi gani, ukikosa kufika unatozwa au la, na kama amewahi kuhudumia watu wenye shida kama yako. Uliza pia lugha. Unaweza kufanya kazi kwa Kiswahili na Kiingereza mchana kutwa, ukaota na kulia kwa Kiluo au Kiluhya. Anayesema "chunya lit" (kwa Kiluo, moyo wangu unauma) amesema zaidi ya "nina huzuni", na inafaa awepo mtu wa kulisikia neno hilo bila kulitafsiri. Kwa upande mwingine, wapo wanaochagua mshauri wa kabila jingine kwa makusudi, ili asije akawa shemeji wa mtu. Yote mawili ni sawa.

Swali la siri lisikupite. Muulize wazi: nitakayoyasema yataenda wapi? Jibu sahihi lina mipaka, kwa sababu mshauri mwaminifu atakueleza kwamba atavunja siri ikiwa uhai wako au wa mwingine uko hatarini, ikiwa mtoto anadhulumiwa, au mahakama ikiagiza. Anayeahidi siri isiyo na mpaka wowote hajui kazi yake. Maandishi yake nayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na una haki ya kuuliza yanahifadhiwa wapi. Sifa ikienezwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa, ichukue kama fununu tu hadi umhoji mwenyewe.

Hatua ya sita: kikao cha kwanza

Fika mapema ili jasho likauke. Huenda ukapewa karatasi yenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya chakula, mawazo ya kifo, ambayo alama zake hufika 27. Si mtihani, na anayejipunguzia alama ili aonekane jasiri anajiibia mwenyewe.

Anza na sentensi moja uliyoiandaa nyumbani. Mshauri wangu wa pili, mama mmoja mtulivu aliyekuwa na chumba chenye feni yenye kelele, aliniuliza tu, "Umekuja na nini leo?" kisha akanyamaza. Nilieleza mazishi, michango, wajomba waliochelewa. Akanyamaza. Nilieleza kazi. Akasogeza kisanduku cha karatasi za kupangusia machozi sentimita chache kuelekea kwangu, hakusema neno, na hapo ndipo zile simu mbili zilipotoka. Hakuniambia kwamba si kosa langu. Aliniuliza ningemjibu nini mama kama ningepokea, na nikatumia dakika 20 zilizobaki kumjibu.

Si kila mtu hufunguka siku ya kwanza. Jipe vikao vitatu kabla ya kumhukumu mshauri, isipokuwa akikugusa vibaya, akikukopa pesa, akikutaka kimapenzi au akikuhubiria. Kwa hayo ondoka siku hiyo hiyo, na yale matatu ya kwanza uyaripoti kwenye bodi. Ukiona tu kwamba hamwendani, mwambie. Mzuri atakutafutia mwingine bila kununa.

Hatua ya saba: ndoa na mahusiano

Hapa tunachanganya vitu viwili. Kikao cha wazee hutafuta nani amekosa, kisha humtoza mbuzi au humrudisha mke kwao hadi mume aje kujieleza. Kikao kama hicho kina kazi yake, hasa panapohusika mahari, boma na watoto. Mshauri nasaha hatoi hukumu, na anayekwenda kwake akitumaini kupata shahidi wa upande wake atatoka na njaa. Atawafundisha kuongea bila kutusiana, kumaliza jambo moja kabla ya kufungua jingine, na kutambua ugomvi wa pesa ulio kwa kweli ugomvi wa heshima.

Namna ya kumwalika mwenzako huamua mengi. "Twende kwa mshauri kwa sababu wewe ni mgumu" hufunga mlango. Jaribu: "Baba Akinyi, mimi nimechoka tunavyoishi, na sijui nifanye nini. Nimepata mtu wa kutusikiliza Jumamosi saa nne. Ningependa tuwe pamoja." Chagua wakati ameshiba na televisheni imezimwa, wala usimwambie mbele ya mama mkwe. Akikataa, nenda peke yako. Nyumba ni kama mtumbwi, mmoja akibadili alivyokaa, mwingine naye hulazimika kujisogeza.

Kuna hali moja ambayo hamfai kwenda pamoja kabisa: palipo na kipigo au vitisho. Atakayosema mke kwenye kikao atayalipia usiku. Atafute kwanza usalama na mshauri wake mwenyewe. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu kuomba amri ya mahakama ya kumlinda, na FIDA Kenya, wanaosaidia wanawake kisheria, wana ofisi Kisumu. Vivyo hivyo mjane anayesukumwa kurithiwa au kuondolewa shambani anahitaji watu wawili tofauti, mshauri wa kumshika moyo na wakili wa kushika hati, na asikubali mmoja afanye kazi ya mwingine.

Hatua ya nane: maisha yanapogeuka

Kustaafu, kuachishwa kazi, uhamisho, talaka, mtoto wa mwisho kuondoka nyumbani: haya hayana matanga, na kwa hiyo hayana michango. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka 2019, waliopoteza mishahara walipoteza pia salamu za asubuhi na jina la cheo walilokuwa wakiitwa sokoni. Kwa mshauri, peleka orodha ya vitu ulivyopoteza pamoja na pesa, kisha orodha ya maamuzi yanayokungoja, ukiyapanga kwa tarehe. Sehemu hii ya ushauri ni ya vitendo zaidi na huweza kuwa fupi. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao 5 vya dakika 90 kila kimoja, unaoendeshwa na watu wasio madaktari ila waliofunzwa, nao ulijaribiwa Nairobi miongoni mwa wanawake waliopitia dhuluma na ukawapunguzia mateso ya moyo. Kwa hiyo vikao vitano si haba. Ombi langu ni moja: usiuze shamba wala kuhama mji kabla hujafika kikao cha tatu.

Hatua ya tisa: kazi ya katikati na kuagana

Baada ya kikao cha pili au cha tatu huenda ukajisikia vibaya kuliko ulivyoanza. Ni kama jipu lililotumbuliwa. Wengi hukimbia hapo, na ni hapo hasa pa kumwambia mshauri, "Narudi nyumbani nikiwa nimevunjika zaidi," ili apunguze mwendo. Andika kwenye daftari lile lile neno moja au mawili mara tu unapotoka, kabla matatu haijajaa. Kila baada ya vikao vinne, soma kurasa za juma la kwanza na ulinganishe usingizi na usingizi, hasira na hasira. Kama hakuna kilichosogea, muulize mshauri kwa nini, na kama ni wakati wa kumwona daktari.

Kuacha kufanywe kwa kupanga, si kwa kutopokea simu. Omba kikao cha mwisho, pitieni mliyoyafanya, na mkubaliane dalili zitakazokurudisha. Weka alama kwenye kalenda siku zinazouma: mwaka wa kwanza wa kifo, Krismasi ya kwanza bila yule mtu, siku ya kujengea kaburi. Panga kikao kimoja juma moja kabla ya kila mojawapo, hata kama unajiona mzima. Mimi bado huenda mara moja kwa mwaka, juma la kabla ya tarehe ya mazishi, na saa mbili za usiku wa tarehe yenyewe humpigia simu mdogo wake mama aliyeko Bondo, ambaye siku hizi hupokea kabla haijalia mara ya pili.